Dawa ya Meno ya Verlon

"Lakini si utamwambia, mjomba?"

Denisha alikuwa na miaka kumi alipouliza hivyo kwenye chumba cha wageni cha gereza. Mjomba wake, Verlon Tibbs, akachukua chipsi moja kwenye pakiti waliyonunua kwenye mashine, akalalamika kwamba chumvi imezidi.

Verlon ana kisukari. Buti za gereza zilimchubua vidole kwenye shamba la pamba, akajaza fomu ya malalamiko, kwa sababu mfungwa hana ruhusa ya kwenda kwa jaji kabla hajalalamika humo humo gerezani, ngazi zote mbili. Ofisi ya mkuu wa gereza ikajibu: ombi limekubaliwa, atapewa viatu laini. Alifurahi mno. Akaibandika karatasi ukutani kwa dawa ya meno, kama cheti cha ubatizo. Viatu havikuja. Vidole viwili vikakatwa.

Aliposhtaki, jaji akaitupa kesi. Mbona hakukata rufaa ngazi ya pili ndani ya siku kumi na tano? Yaani mtu umeambiwa ndiyo, halafu uikatie rufaa hiyo ndiyo! Bweni zima lilimcheka.

Kitanda cha pili kutoka chake alilala kijana aitwaye Jamarcus Pettway. Buti zilezile, kidonda kilekile. Verlon alimwonea wivu sana. Jamarcus alikuwa na mke aliyekuja kila Jumamosi, nywele zimesukwa upya. Alikuwa na vidole vyote kumi. Na kesi yake ilikuwa bado nzima, haijaguswa na mjinga yeyote.

Jumatatu moja Jamarcus akarudi anapunga karatasi. Ombi limekubaliwa, viatu vinakuja.

"Mzee Tibbs, umeona? Wewe hukuomba kwa adabu, ndiyo maana." Kisha akaomba dawa ya meno kidogo, aibandike.

Verlon akampa.

Kuanzia hapo akawa anahesabu zile siku kumi na tano za rufaa. Siku ya tatu, kimya. Siku ya saba viatu havijaja, Jamarcus anasema vitakuja, wameandika wenyewe. Siku ya kumi na mbili ikawa Jumamosi ya wageni. Jamarcus alikuwa meza ya pili, analishwa baga na mkewe na kucheka. Verlon akamsimulia Denisha mambo yote kwa sauti ya chini bila kuwaondolea macho wale wawili. Ndipo mtoto akauliza swali lake.

Mwezi uliofuata Jamarcus alihamishiwa gereza jingine. Nyumbani kwa kina Denisha, mjini Beaumont, hakuna aliyejua yaliyompata.

Miaka saba baadaye Verlon alikuwa huru, amekaa jikoni kwa dada yake, mguu umetoka tu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Denisha alikuwa akimkausha katikati ya vidole vitatu vilivyobaki, kama nesi alivyomfundisha. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Nilimwambia Jamarcus Jumatatu, siku ya kumi na nne, tuko kwenye foleni ya chakula. Fomu ya rufaa aliijaza kwa kalamu yangu." Akautazama mguu wake. "Zile siku kumi na tatu za kwanza, mwanangu, nilitaka achechemee kama mimi."