Mpangaji Asipande Mnazi

Vijana wanaojenga vyumba vya kupangisha huja kuniuliza maswali, kwa kuwa wamesikia nimekuwa mwenye nyumba tangu enzi za Mwingereza. Maswali ni yale yale. Mpangaji asipolipa nifanye nini? Akivunja dirisha? Akijaza ndugu chumba kizima? Huwajibu ninachokijua, kisha na mimi nawauliza: huyo mpangaji wako amepanda nini uwani? Hapo hucheka. Wanadhani akili ya bibi kizee imehama.

Wacheke. Mpangaji asiyelipa sikuwahi kumwogopa, huyo utamwona tangu mbali. Aliyeniliza mimi alikuwa mlipaji mzuri, mstaarabu, mtu wa safu ya mbele msikitini, na kila nikimkumbuka damu hunichemka kama yalitokea jana.

Baba alipokufa tulibaki wawili, kaka yangu na mimi. Kaka alirithi mikarafuu na nyumba kubwa. Mimi nilipata nyumba ndogo ya mjini, Tibirinzi, vyumba viwili na ukumbi, kiambaza cha udongo kilichopakwa chokaa, paa la makuti, na ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Sikunung'unika, mirathi ni mirathi. Zaidi ya hayo nilikuwa nimeolewa Msuka, kule mwisho wa kisiwa, na nyumba ile niliiweka kuwa akiba yangu. Mume ni mtu na mtu hugeuka. Nikaipangisha kwa seremala mmoja aliyetoka Mkoani na mkewe, nikamwomba kaka aniangalizie, maana alikaa mtaa huo huo.

Kosa langu nalisema mwenyewe, sitaki mtu anisemee. Kwetu Pemba ardhi na mti ni vitu viwili. Ardhi yaweza kuwa yako, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine, wake yeye aliyeupanda, na baada yake watoto wake. Ndiyo maana mwenye shamba akimpa mtu mahali pa kukaa humwambia kabla hajatua mzigo: panda muhogo, panda viazi, panda kunde, mti wa kudumu usipande. Baba aliyasema maneno hayo kwa kila aliyemkaribisha, nimeyasikia tangu sijaota meno ya pili. Lakini mimi, binti wa nyumba hiyo, sikumwambia seremala. Nilidhani yale ni maneno ya shamba. Nani angefikiri kumkataza mpangaji wa mjini kupanda mnazi katika ua wa kuanikia nguo?

Mwaka wa pili nilikwenda kuwatazama. Mkewe alinitandikia mkeka mpya, akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Nikiwa natafuna nikaona miche minne ya minazi imesimama kwa mstari, kila mmoja umezungushiwa makuti ili mbuzi wasiule. Nikauliza hii ni nini.

"Kivuli tu, Bi mkubwa," alisema seremala. "Jua la hapa kali."

Mkate wao ulikuwa bado mdomoni mwangu, mafuta yake bado yamo vidoleni. Haya ikanishika nikanywa chai yangu nikanyamaza. Nilipotoka nikaenda kwa kaka nikamweleza. Akanitazama kana kwamba nimemletea habari za paka.

"Weye huna la kuwaza?" alisema. "Miche minne tu hiyo. Rudi kwa mumeo."

Nikarudi kwa mume. Haikupita miaka mingi mume akanirudisha yeye, kwa talaka ya karatasi moja, mimi na sanduku langu. Nikafikia kwa kaka, nikakaa eda, nikaimaliza, na bado niko pale pale. Wifi yangu hakuwahi kunitukana, hilo nimpe haki yake. Ila kila nikipeleka mkono kwenye sinia aliniuliza kwa sauti tamu kama kesho nitakwenda kuitazama nyumba yangu. Nilikuwa naijua maana yake. Sikutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa mahali pangu mwenyewe pa kulaza ubavu, nisiulizwe kesho nakwenda wapi.

Nikamwendea seremala, nikampa miezi mitatu atafute pengine. Aliitikia kwa adabu zote, hata akanishukuru kwa muda niliompa. Kisha akasema, "N'tatoka, Bi mkubwa. Na minazi yangu je?"

"Minazi gani?"

"Hii. Unifidie, au n'kae nayo mpaka izae n'pate jasho langu."

Wakati ule ilikuwa imekwisha kupita paa, hata kidaka kimoja cha nazi haijatoa. Fidia aliyoitaja sikuwa nayo wala sikuwa na pa kuipata. Na ilikuwa miaka ile ya uchaguzi, ambapo watu wa vyama tofauti walikuwa hawanunui duka moja, wengine hata kuzikana walikuwa hawazikani. Mitaani kukaenea uvumi kwamba nataka kumtoa seremala kwa sababu ya chama chake. Mimi! Chama chake sikukijua, na cha kwangu nilikuwa sijakichagua. Wanawake niliokua nao walinipita njiani wamegeuza nyuso kama nina ukoma. Mwanamke aliyeachwa anataka nyumba aliyoachiwa na baba yake, wao wanauliza ametumwa na nani.

Nikalipeleka jambo kwa sheha, mkubwa wa mtaa. Wanaume wakakaa barazani, sheha, wazee wawili, seremala na kaka yangu, na mimi nikakaa upande wa ndani wa mlango nimejifunika buibui langu.

"Mwanangu," sheha aliniuliza, "miche hiyo uliiona?"

"Niliiona."

"Ukakataza?"

"Niliuliza."

"Sikuulizi kuuliza. Ulikataza?"

"Sikukataza."

"Basi mti ni wa alopanda."

Kaka akadakia, akasema maneno ya busara nyingi: ndugu yangu asihangaike, fundi abaki na miti yake, na dada yangu kwangu ana chumba. Wazee wakamsifu kwa moyo wake. Nikasema kwa sauti iliyotoka nje mpaka barabarani kwamba mtu huyu ameninyang'anya kwa chai na mkate, na kwamba wizi wa namna hii una adabu kuliko ule wa kuvunja mlango, lakini ni wizi.

Seremala akasimama. Mpaka leo naamini hakukusudia kumdhuru mtu. Alikuwa ameumwa na neno lile tu.

"Mie si mwizi," alisema. "N'liomba kabla ya kupanda. Kaka yake kanipa ruhusa. Na ruhusa yenyewe sikuipata bure, n'limtengezea mlango."

Mlango ule niliujua. Mlango wa mbele wa nyumba kubwa, wa mbao za mfenesi, wenye komeo la chuma. Nilikuwa nalala nyuma ya mlango ule tangu siku niliyoachwa. Nilikuwa nimeusifu! Kila Ijumaa niliusugua kwa mafuta ya nazi ili wifi asiseme nakula bure.

Kaka akaanza kujitetea. Alidhani najua. Isitoshe mwenyewe niliiona miche nikanyamaza, si nimekiri sasa hivi?

"Mie nilinyamaza kwa haya," nikamwambia. "Weye ulinyamaza kwa mlango."

Mzee mmoja akakohoa. Nikamgeukia sheha, nikamwomba anijibu jambo moja: ruhusa ya kupanda katika ardhi ya binti wa marehemu ilikuwa mali ya nani? Kama ilikuwa yangu, kaka ameiuza bila kuniuliza, na aliyeuza kisichokuwa chake ndiye wa kufidia. Fundi asidhulumiwe jasho lake, wala mimi nisidhulumiwe ardhi yangu.

Sheha alimgeukia kaka. Akamuuliza kama mlango ule aliulipia. Kaka akainama, akaanza kuchezea ncha ya kanzu yake.

Wakaamua kwamba kaka atamwachia seremala karafuu za msimu ule katika mikarafuu yake, kiasi cha kutosha fidia ya minazi minne, na minazi ibaki kwa mwenye ardhi. Seremala akaridhika. Kaka naye alikubali, angekataaje mbele ya watu waliomsifu kwa moyo wake punde hii? Lakini tulipoondoka akanisubiri njiani, na hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nyumba umepata," alisema. "Ndugu huna."

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Seremala alihama kabla ya mvua, mkewe akaniomba radhi huku akilia, nikaingia nyumbani kwangu na sanduku lile lile. Kila Sikukuu nilibeba sahani yangu nikaenda nyumba kubwa kumpa mkono kaka. Wifi alinipokea. Kaka akisikia sauti yangu alitoka kwa mlango wa uwani, na sahani ilirudi kwangu jioni haijaguswa. Alifanya hivyo mpaka akafa.

Basi vijana wanaponicheka nawaacha wacheke, halafu nawaambia: siku ya kwanza, kabla hujapokea kodi na kabla hujala chakula chake, mwambie mpangaji mti wa kudumu usipande. Mwambie mbele ya watu wawili. Na ndugu atakayekuangalizia nyumba mwambie vilevile, tena huyo umwambie kwa sauti kubwa zaidi. Nimekaa katika nyumba ile umri wangu wote uliobaki, na hakuna aliyeniuliza kesho nakwenda wapi. Ningerudishwa siku ile ningechagua nyumba tena. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alinifanya nichague.