Kailash na Kituo cha Kwanza

Kailash aliuza mabomba, vigae na masinki kwa nusu ya nyumba za Queensbury, kule London, na faida yote akaimwaga kwenye besiboli. Watu walimcheka. Mhindi wa Mwanza, kitambi hicho, kawaacha wenzake na kriketi yao akashika mchezo wa Wamarekani! Lakini shemeji yake wa New Jersey alimpeleka uwanjani mara moja tu, na tangu siku hiyo akawa hasikii haambiliki.

Alinunua kila kinachonunulika: magongo kutoka Amerika, jezi zenye majina mgongoni, hata wanafunzi wanne wa Kimarekani aliowalipia pango. Timu ikaburuza mkia miaka miwili, ikipigwa na walimu wa shule walioazimana glavu.

Sababu ilijulikana na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Kwenye kituo cha kwanza, ambapo mpira hurushwa kila mara ili kumtoa mkimbiaji wa upande wa pili, alisimama Kailash, mtu wa miaka hamsini na ushei, akiudondosha. Nani angemwambia? Ukivaa jezi ya mtu na kulala kwenye nyumba anayoilipia, ulimi unakuwa mzito. Na yeye, masikini, alikuwa na raha zake. Utotoni, wavulana walipogawana timu, alibaki amesimama peke yake. Sasa alikuwa na timu isiyoweza kumkataa.

Mwaka wa tatu akatafuta meneja. Soud alikuwa dereva wa basi, Mzanzibari aliyeletwa London na wazazi wake baada ya mapinduzi, naye alikuwa ameinoa timu ya besiboli ya madereva wenzake mpaka ikachukua kombe. Walikutana kwenye mkahawa mmoja wa Edgware Road.

"Mie sitaki pesa nyingi, Bwana Kailash," Soud alisema. "Nataka nipange timu mwenyewe, usiniingilie."

"Panga, bwana! Si ndiyo maana nimekuita?"

"Wachezaji wote?"

"Wote!"

Kailash hakuelewa alichoulizwa.

Soud hakununua kitu. Alimuuliza kila mchezaji anapenda kusimama wapi, akabadilisha huyu na yule, akahamisha mazoezi yasigongane na shifti za watu. Asubuhi ya mechi ya kwanza akamwita Kailash pembeni, karibu na magari. Wachezaji wote wakainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa.

"Bwana Kailash, leo hutocheza."

"Nitaingia baadaye?"

"Hutoingia. Kituo cha kwanza atasimama Zulfikar, yule fundi umeme."

"Hii team ni yangu, Soud! Hata hilo gongo uliloshika, mimi nimelipa!"

"Najua. Ukitaka, nalirudisha sasa hivi niende zangu. Lakini nikikaa, wewe hutocheza. Hudaki mpira, mzee wangu, na wenzako wanaona haya kukwambia."

Kailash aliumia. Angeweza kumfukuza pale pale, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini akakumbuka jinsi vijana walivyompigia makofi kila alipodondosha mpira. Makofi hayo alikuwa ameyapenda. Sasa yalimchoma kuliko maneno ya Soud.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Benchi, pamoja na wenzako."

Timu ilishinda kwa tofauti ya pointi moja. Mpira wa mwisho ulipotua kwenye glavu ya Zulfikar, vijana walimwangukia kwa kelele, na Kailash akajikuta anapiga makofi na yeye, kwa nguvu, huku roho inamuuma.

Nyumbani, mkewe Madhu aliona jezi safi, haina hata doa la nyasi.

"Hukucheza?"

"Meneja kanikalisha benchi."

Madhu aliweka sufuria chini. Alijua Jumapili hizi za mechi zilikuwa na maana gani kwa mumewe.

"Utamfukuza?"

"Nimfukuze? Nimemwomba akae miaka mitano," Kailash akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.