Kundi la Stoo ya Majembe

Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilianza kuuliza kabla ya kutambaa, na walimu wenzangu pale shule ya Msamala walinisema hivyohivyo, tena mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa mgeni kutoka Singida na mgeni lazima ataniwe. Kuuliza si ujinga, niliwajibu, nikaendelea.

Swali lililoninyima raha mwaka ule lilikuwa hili: mtoto anafikaje darasa la nne hajui kusoma? Na hakuwa mmoja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Songea yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na walimu wenye akili ya biashara walishafungua tuisheni majumbani mwao. Mtoto wa asiye nacho alibaki na alichoambulia ubaoni, huku amebanwa na wenziwe kwenye dawati kama viazi guniani.

Basi nikawaita mmojammoja, nikawapa ukurasa uleule wasome, mimi nasikiliza tu bila kukosoa. Wakuu, hawakufanana hata kidogo. Wengi walihitaji tu nipunguze mwendo, na hao niliwafundisha na darasa zima. Wengine walikwama kwenye maneno marefu, nikawaweka vikundi vidogo baada ya mapumziko. Wakabaki wanne ambao herufi zenyewe ziliwapiga chenga. Hao niliwachukua kila asubuhi kwenye stoo ya majembe, tukakaa juu ya magunia mlangoni penye jua, maana Julai ya Songea si ya kuchezea. Kila mwisho wa mwezi niliwasikiliza tena, na aliyeweza alihamia kundi la juu yake.

Mmoja wa wale wanne alikuwa binti mwembamba aliyelelewa na bibi yake. Bibi mwenyewe alikuja shuleni mapema, akakataa kiti, akaniambia akiwa amesimama.

"Mwalimu, huyu amesharudia darasa mara moja. Mjomba wake yuko Tunduru kwenye machimbo ya vito, anamtaka akawapikie wachimbaji. Nimemwambia angoje mtihani wa darasa la nne. Akifeli tena, sina la kumjibu."

Tangu siku ile nilimwangalia yule binti kwa jicho la pekee. Alikuwa akiendelea vizuri. Mwezi wa nane mvulana mmoja akafuzu na kutuhama, nami nikajua anayefuata ni yeye. Badala yake akaanza kurudi nyuma. Silabi alizozijua juzi, leo anazitazama kana kwamba hawajawahi kuonana. Nikasema labda ni jua la pale mlangoni, watoto wanapenda kuota jua. Nikahamishia somo ndani ya stoo, kwenye baridi na vumbi. Hakupiga hatua. Nikasema labda ni mahindi ya kuchoma niliyokuwa nikiwaletea. Nikaacha kuleta, na aliyenuna ni yule mvulana aliyebaki, mpenda usingizi. Binti yangu aliendelea kukwama palepale.

Tena alikuwa anapoteza masomo mengine. Saa ile ya stoo wenzake walikuwa kwenye hesabu, na mtihani hauna kusoma peke yake. Nilianza kulala na yule mtoto kichwani.

Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa sokoni, kwenye duka jipya la mbegu. Mbele yangu alisimama yule bibi na mjukuu wake. Muuzaji alikuwa akisifia mahindi yake, na bibi akauliza kama yakibaki anaweza kuyapika. Kabla muuzaji hajafungua mdomo, binti aliugeuza mfuko akasoma, sauti kavu, bila kituo: "Mbegu hii imetiwa dawa. Isiliwe na watu wala mifugo."

Nikarudi nyuma ya mafurushi ya mitumba wasinione. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika nikafurahi, vyote pamoja, halafu ule ugonjwa wangu wa kuuliza ukanishika upya: mtoto anayejua kusoma anataka nini kwenye stoo ya majembe?

Jumatatu sikumuuliza yeye. Nilimuuliza jirani yake wa kwenye gunia, msichana aliyehamia na mama yake kutoka kijiji cha Tunduru. Huyo alikuwa na Kiyao kizuri, na Kiswahili alikuwa bado akikitafuta kwa kupapasa.

"Mwenzako anajua kusoma?"

"Anajua. Ananifundisha mimi, njiani."

"Mbona kwangu hasomi?"

Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Mwalimu mkuu alisema."

Hapo nikakumbuka. Mvulana yule alipotuhama, mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akinishikia darasa saa ya stoo, alisimama mlangoni pa stoo akasema mbele ya watoto: "Hapa wakiwa chini ya watatu, nafunga. Siwezi kutoa mwalimu kwa ajili ya watoto wawili." Mimi niliyachukua kuwa maneno ya mtu aliyechoka. Yule binti alihesabu. Akiondoka yeye wanabaki wawili, na shoga yake, huyu wa Tunduru, anarudi kule nyuma ya darasa kuitikia asichokielewa.

Nilikwenda ofisini bila kubisha hodi. Yaliyotoka mdomoni mwangu siwezi kuyaandika yote. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akavua miwani, akaifuta, akaniambia, "Twende."

Akawaita wote watatu stoo. Akampa binti kitabu. "Soma."

Binti alimtazama shoga yake, akainamisha kichwa.

"Kundi halifungwi," mwalimu mkuu akasema. "Hata akibaki mmoja. Nimesema mimi."

Binti alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akasoma ukurasa mzima bila kukwama, akampa shoga yake kitabu na kumwekea kidole kwenye mstari wa kuanzia. Mwalimu mkuu akarudi ofisini.

Mtihani ulikuwa mwezi uliofuata. Hesabu tulizifukuzia mchana kutwa, akafaulu kwa kuponea chupuchupu, na mjomba akatafuta mpishi mwingine. Mvulana wa usingizi naye alipenya, mpaka leo sijui vipi. Shoga mtu akarudia darasa.

Januari nikafungua stoo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Tulikuwa tumekaa mlangoni, mimi naye, kengele ya mapumziko ikalia, na kivuli kikaangukia kitabu. Ni yule binti, sasa wa darasa la tano, sare imefuliwa. Akaketi kwenye gunia lake la zamani.

"Wewe umefuata nini huku?" nikamuuliza.

Akatuhesabu kwa kidole, shoga yake, mimi, halafu yeye mwenyewe.

"Nimekuja tutimie watatu, mwalimu."