Siku Niliyomfunga Paka Kama Mbuzi

Mtoto wa paka akishazoea nyumba, huanza kukaa dirishani. Wangu alikuwa na miezi mitatu na nusu alipoanza. Alikuwa akipanda juu ya cherehani, anaweka pua kwenye kioo na kuangalia nje, mkia ukicheza peke yake. Shule zilikuwa zimefungwa. Mimi hufundisha darasa la kwanza huku upande wa Butere, na kazi yangu kubwa ni kumtayarisha mtu mdogo kwa jambo asilolijua. Niliona huyu naye sitashindwa naye.

Kikwazo kilikuwa kimoja, kuku. Mama wa mume wangu, ambaye boma lote humwita kukhu, yaani nyanya, alikuwa na kuku aliyetoka kuangua vifaranga tisa. Paka tulimhitaji sote, maana panya walikuwa wakitoboa magunia ya mahindi ghalani. Lakini kukhu aliniambia mapema, bila ukali wowote.

"Mwanangu, paka akionja kifaranga mara moja, haachangi. Huyu akishika hata mmoja, anarudi Matete kwa gunia."

Matete ndiko nilikompata, kwa mwalimu mwenzangu. Na kukhu hakuwa akitisha tu. Paka aliyemtangulia huyu aliondoka hivyohivyo, ndani ya gunia, amepakatwa na mtu wa bodaboda. Sikutaka kuliona gunia lile tena.

Kwa hivyo nilijipanga. Kama nawe una paka wa kumtoa nje mara ya kwanza, mambo mengi niliyofanya asubuhi ile ningekushauri uyafanye. Nilihakikisha amechanjwa. Nilimtoa kabla hajala, kwa sababu mwenye njaa hawazi safari ndefu. Nilingoja umande ukauke, lakini sikuchelewa hadi mchana, kwani mvua yetu ya alasiri haimngojei mtu. Sikumbeba. Niliacha mlango wa jikoni wazi ili avuke kizingiti kwa miguu yake mwenyewe na aikumbuke njia.

Jambo moja tu usinifuate. Kwetu, mnyama unayemjali unamfunga. Mbuzi hufungwa, ndama hufungwa, hata kuku mwenye vifaranga hufungwa mguu kwa kamba na kigingi karibu na jikoni, ili asiwapeleke watoto mbali wakachukuliwa na mwewe. Kuku wa kukhu alikuwa amefungwa hivyo. Basi nami nikamvisha paka kamba ya katani kifuani, nikaifunga kwenye mpera. Nilipima kwa hatua zangu: kamba ya kuku iishe hapa, ya paka iishe pale, na katikati ibaki nafasi ya kutosha. Nilijiona fundi.

Kukhu alikuwa kwenye kigoda akichambua kunde. Aliniangalia hadi nikamaliza fundo.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kamba, mama. Asipotee."

"Sawa. Na utamkamua saa ngapi?"

Nilicheka, lakini sikuifungua.

Mwanzoni yote yalikwenda vizuri. Paka alinusa majani, akashtuka alipogusa udongo wenye maji, akainua mguu na kuukung'uta. Alimfuata mdudu. Alilala chali kwenye jua. Nilikaa mlangoni nikiwa na amani kamili.

Nilikuwa nimesahau kwamba vifaranga hawakuwa na kamba.

Mmoja alikuja akidonoadonoa hadi chini ya mpera. Paka akajilaza, akanyoosha shingo, makalio yakaanza kutikisika. Nadhani alitaka tu kujua kile kitu cha manjano ni nini, lakini mama yake kifaranga hakungoja kuuliza. Aliruka. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo, na kigingi kiling'oka kama muhogo. Kuku akaja na mabawa wazi, kigingi kikiburuzika nyuma yake. Paka akakimbia, lakini kamba ilimruhusu kukimbia upande mmoja tu, kuuzunguka mpera. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mzunguko kamba ikawa fupi zaidi. Alipobanwa kwenye shina, kuku alimdonoa kichwani na mgongoni, na paka akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kata!" kukhu akasema, akinisukumia kisu chake.

Nikakata. Paka akapita katikati ya miguu yangu, akavuka ua wa miti, akaingia kwenye miwa ya jirani. Majani yakatikisika kidogo, kisha yakatulia.

Miwa ilikuwa mirefu kuniliko. Nilianza kwenda, huku nikimwita, na nilisikia sauti yangu ikipanda.

"Rudi ukae," kukhu akaniambia.

"Mama, atapotea."

"Ukimwita na hiyo sauti ya msiba, ataona kweli kuna kitu ya kuogopa. Wewe ndiye unafundishanga watoto. Mtoto akilia siku ya kwanza, unamkimbiza darasani?"

Simkimbizi. Huwa nakaa chini na kuendelea na kazi yangu hadi anisogelee mwenyewe. Nikavuta kiti, nikajaza mapaja kunde, tukachambua. Kuku alikuwa ameachwa huru, akiwaita watoto wake uani kana kwamba uwanja wote ni wake. Jua lilipanda. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Bukura. Nilichambua rundo zima, na kila mara nilipoangalia miwa, kukhu alinitupia majani zaidi.

Alitoka mahali ambapo sikuwa nikitazama, chini ya migomba. Kidonda kidogo cha damu kilikuwa juu ya sikio. Kati yake na mlango wa jikoni palikuwa na kuku, vifaranga wanane wakiwa wamemzunguka, na wa tisa amebaki nyuma akichakura karibu kabisa na paka. Hata mimi ningeweza kumshika.

Kukhu aliacha kuchambua. Nami nilishika kiti.

Paka alimtazama kifaranga. Kisha akamtazama kuku kwa muda mrefu. Halafu akageuka, akapita nyuma ya migomba, akazunguka tangi la maji, akapita kando ya ukuta akiwa ameubana mwili wake, akaingia jikoni kupitia mlango uleule aliotokea.

"Huyo amesoma," kukhu akasema. "Mwalimu wake alikuwa mkali kukuliko."

Nilimpa samaki wadogo wa omena, nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kesho yake nilimtoa bila kamba, na siku zilizofuata pia. Kila alipomwona kuku, alichukua njia ndefu.

Mwisho wa wiki nilikwenda ghalani kuchota mahindi ya kusaga. Kukhu alikuwa amefika kabla yangu, ameinama, akitumia panga kupunguza ubao wa chini wa mlango.

"Paka anaweza kukwama hapa," alisema, akaingiza ngumi yake kwenye upenyo kupima. "Unaona atapita, ama niongeze kidogo?"