Nilijaza Joto la Jumatatu Siku ya Ijumaa

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, maana mwenyewe nimekitafuta toka Iringa mpaka Chunya na sijakiona.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliacha darasa la sita. Nimechimba dhahabu Chunya, nimepakia viazi Uyole, na kila nilipokaa, miguu iliniwasha. Siku moja nilifika kwenye zahanati ya milimani huko Iringa kujenga uzio, nikabaki. Mkuu wa zahanati, mama mmoja wa Kihehe, aliona napenda kuuliza maswali, akanipa kazi ya uhudumu.

Mama yule alikuwa na mpangilio! Kila mtu ana kazi yake na karatasi yake, na yeye anapita kukagua. Ofisini alikuwa na kitabu cha uongozi wa vituo vya afya. Nikakiazima. Kupanga, kugawa kazi, kuelekeza, kukagua. Nilikisoma mpaka nikajiona meneja!

Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimajoto cha friji ya chanjo asubuhi na jioni, na kuandika. Kati ya nyuzi mbili na nane, chanjo ni salama. Kila siku naona nne, tano, nne. Nikajisemea, kama kupanga ni kutazama mbele, kwa nini nisiandike mapema? Nikaanza kujaza ya jioni asubuhi. Baadaye nikawa najaza siku tatu kwa mkupuo, nabadilisha kalamu ili zisifanane. Ujinga mtupu!

Ijumaa moja nilijaza mpaka Jumatatu jioni, nikadandia lori kwenda Mbeya, kutembea tu.

Niliporudi Jumatatu asubuhi, benchi limejaa akina mama na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Gesi ya friji ilikuwa imekwisha. Chanjo zote vuguvugu. Mama mkuu wa zahanati ameshika karatasi yangu.

"Kamwene, mtabiri," alinisalimu kwa Kihehe. "Sasa hivi ni saa tatu asubuhi. Hebu niambie, joto la leo jioni umelipimaje?"

Akina mama wakacheka. Hawakujua bado kwamba jambo lile linawahusu.

"Mchezo huu umeuanza lini?"

"Mara moja tu, mama. Ni hii hii."

Mungu wangu, nilidanganya! Kuna siku, wiki kadhaa nyuma, nilikuta mlango wa friji uko wazi na maji sakafuni. Nikafunga, nikafuta maji, nikaandika nne. Kipimajoto hata sikukitazama. Na watoto waliendelea kuchanjwa kutoka friji ile ile!

Mama akaniamini. Alizitenga zile chanjo zisitumike, akawaomba radhi wale wazazi mmoja mmoja kana kwamba kosa ni lake, kisha akanifukuza.

Nikaenda Uyole, sikutulia. Nikaenda Chunya, nikarudi. Mtoto akikohoa sokoni, nageuka. Mwisho nikampigia simu mama yule wa zahanati, nikasema yote.

"Ilikuwa siku gani, mwanangu?" aliuliza. "Nitajie siku, niwaite waliochanjwa baada yake."

"Sikumbuki, mama. Mvua zilikuwa zimeanza... au bado."

Nikasikia anafunua karatasi zangu, moja baada ya nyingine.

"Karatasi ndiyo ilitakiwa ikukumbukie," alisema.

Ikabidi waitwe wote. Nasikia alipita nyumba kwa nyumba na miguu yake mibovu, watoto wakachomwa sindano upya wakilia, na baba mmoja akamfokea, "Kwa hiyo zile za kwanza zilikuwa maji?" Alifokewa yeye, si mimi! Na kuna familia moja ilikuwa imeshahama na mtoto wake mdogo. Hakuna anayejua ilikokwenda.

Wewe uliyekabidhiwa karatasi ya kukagua, iwe ya friji, ya mtungi wa hewa au ya kitu unachokiona kidogo, nakusihi: tazama kwanza, ndipo uandike. Kesho haikaguliki leo!

Mimi bado nahama. Lakini siku hizi, kila ninapofika, nikimwona mama na mtoto wa umri ule, namsogelea na kumuuliza, "Samahani dada, mmewahi kuishi Iringa?"