Mgongo wa Sadoki
Mkandaji wa Mwaya alikuwa mfinyanzi, na mgongo wa mtu aliukanda kama udongo: aliulowesha, akaupiga makofi, akatafuta vijiwe kwa vidole gumba huku akiusuta kwa uvivu. Mwisho aliugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama agongavyo chungu kilichotoka motoni. Siku ile Sadoki alilala kifudifudi akiugulia maumivu asiyokuwa nayo, maana askari wa boma alikuwa mlangoni akitafuta wapagazi. Mkandaji aligonga, akasikiliza, akacheka puani.

“Mwanangu, mgongo huu unabeba ng’ombe,” alimnong’oneza.

Kisha akamgeukia askari, uso mkavu. “Huyu ana ufa. Mtwike mzigo, utaokota vigae njiani.”