Mwavuli wa Kijani Darajani

Ile picha ya mwavuli niliipiga mimi. Nilikana mbele ya majirani na mbele ya mwanamke mwenye mwavuli, ambaye alinitazama machoni kisha akanimiminia chai. Nilikana kwa ufasaha pia. Chuo kikuu sikukipitia bure.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kamembe, upande wa Rwanda, na kila Jumamosi nilizurura na kamera kuukuu niliyoinunua Bukavu, ng'ambo ya daraja, Kongo. Mimi niliita sanaa. Mama yangu aliita kukosa kazi. Darajani, mpakani, kupiga picha kulikatazwa, kwa hiyo kamera niliificha ndani ya kikapu cha sokoni, chini ya mafungu ya lengalenga, mchicha wetu, lenzi ikichungulia kwenye tundu nililolipanua kwa kisu. Nusu ya picha zangu zilitoka na majani.

Moja ilitoka vizuri: mwanamke kwa nyuma, furushi mgongoni, akivuka kuelekea Bukavu chini ya mwavuli wa kijani wenye kiraka cheupe. Mwenye studio aliyenisafishia filamu aliipenda mno. Bila kuniuliza alitengeneza nakala kubwa, akaitundika dirishani kwake kati ya maharusi na watoto wa komunyo. Nilipomwomba asinitaje alikubali, lakini tangu siku hiyo alinitazama kama mtu anayenunua nyama asiyoijua.

Mwavuli ule Kamembe nzima iliujua. Ulikuwa wa jirani yangu, mshonaji, aliyeutia kiraka mwenyewe. Mumewe, fundi wa redio, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, naye alikuwa ndani ya eda: ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Kupeleka magauni Bukavu, walisema wakwe zake, si dharura.

"Hiyo picha ni ya zamani, ya mbele bwana wangu afe," mjane alijitetea.

"Ya mbele?" wifi yake akacheka, barabarani, kila mtu asikie. "Mwenye studio anasema ameisafisha wiki jana. Picha nayo inabebaka mimba, ikae miezi ndiyo izaliwe?"

Kaka mkubwa wa marehemu, aliyekaa Bukavu, akatuma neno: eda ikiisha angevuka aje. Ikithibitika imevunjwa, mjane angetoka katika nyumba ya marehemu.

Mtaa ukaanza kumsaka mpiga picha. Wengine walisema ni mpelelezi wa forodha, wengine wakasema katumwa na wifi. Muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, ambaye kwa miaka alinichagulia waliokauka vizuri, sasa alifunika beseni akiniona.

"Mwalimu, si ni weye uko na kamera?"

"Haina filamu, mama. Ni pambo tu la mezani."

"Pambo," alisema, akimtazama mwenzake.

Nilijiambia naogopa maofisa wa mpaka. Ukweli ni kwamba niliogopa ijulikane kuwa kikapu changu kina jicho.

Na kuna baya kuliko hilo: hata mimi nilimshuku mjane. Sikukumbuka ile picha niliipiga lini. Jumamosi zangu zote zilifanana. Nilipokwenda kumjulia hali, macho yangu yalikagua viatu vyake mlangoni, yakitafuta tope la mpakani. Vilikuwa vikavu. Nikawaza, amevifuta.

"Dada," aliniuliza, birika mkononi, "mwenye kunipiga picha ni nani?"

"Sijui, dada."

Akamimina. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, ninavyoipenda.

Siku mbili kabla ya eda kuisha nilitoa negativu zangu, utepe mzima wa filamu ile, ili nizichome. Ndiyo, nizichome, nilishasema nilikuwa mwoga. Nikauinua ule utepe dirishani mara ya mwisho. Pembeni mwa kila picha kuna namba ndogo ambayo sikuwahi kuijali. Mwavuli ulikuwa namba kumi na mbili. Kwenye kumi na saba alisimama mwanamume mlangoni pa duka, redio iliyofumuliwa mikononi, uso mweupe, meno meusi, kama negativu inavyogeuza rangi, anacheka. Fundi mwenyewe, mzima.

Filamu ile ilikuwa imekaa ndani ya kamera yangu nusu mwaka. Mimi ni bahili: napiga picha moja au mbili, narudi nyumbani.

Nilikwenda kwenye kibanda cha simu na viatu vya nyumbani, nikampigia kaka mkubwa.

"Salaam aleikum, mzee. Ni mwalimu, jirani ya shemeji yako. Ile picha nilipiga mimi, kamera ikiwa ndani ya kikapu changu."

"Weye? Si walisema kamera yako haina filamu?"

"Niliwadanganya."

"Na leo hudanganyi?"

"Namba hazidanganyi, mzee. Daraja ni kumi na mbili. Ndugu yako yuko kwenye kumi na saba, anacheka. Filamu haiwezi kurudi nyuma."

Nikasikia redio nyuma yake, kisha mtu akaizima.

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

"Leta hiyo kitu kesho, nione na macho yangu. Kama ni vile unasema, muke ya ndugu yangu abaki mu nyumba yake, na dada yangu nitamufunga kinywa mimi mwenyewe." Nilidhani amekata. "Mwalimu."

"Naam, mzee."

"Siku nilikuja ku matanga, ulikuwa na kile kikapu."

"Nilikuwa nacho."

"Na mie ulinipiga?"

"Mara mbili, mzee."

Hapo ndipo alipokata.